Muhuri wa Bwana Janga

Alikuja Kanyenye saa nane, jua limekaa juu ya bati,
kofia ya kazi kwapani, vumbi la reli mpya hadi kwenye kope.
Akafungua leja ya stoo mbele yangu, akagonga mstari kwa kidole:
"Saruji, mifuko arobaini. Amepokea: Janga."

"Si Janga," akasema. "Zhang."
Nikajaribu. Ulimi ukarudi palepale.
"Nimeuliza maana ya janga. Njaa. Mafuriko. Nzige.
Mama yangu hakuzaa nzige."
Kiswahili chake cha kambini, kimenyooka kama pimamaji.
Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Alitaka muhuri. Si wa mpira, kama ninaowachongea
vyama vya tumbaku na wenyeviti wa mitaa.
Wa mti. Mgumu. Wa kumwachia mwanawe.
Nikatoa kipande cha mpingo kilichobaki
nilipotengeneza mguu wa kiti cha shemeji.

Akachora kwa penseli nyuma ya stakabadhi.
"Kushoto, uta. Kulia, urefu."
Uta mrefu?
"Uta uliovutwa," akasema, na mkono wake
ukarudi nyuma mpaka sikioni, umeshika upote usiokuwepo,
nami, mtoto wa Sikonge, niliyewinda kanga na kaka zangu,
nikainamisha kichwa bila kufikiri, nipishe mshale.

Zamani, akasema, kabla ya karatasi, kabla ya chuma,
mjukuu wa mfalme alilala chali nje
akaona nyota zimejipinda.
Asubuhi akapinda ufito, akaufunga kano la mnyama.
Mfalme akampa kazi: fundi wa mata na mishale.
Kazi ikawa jina, jina likawa watu,
watu wakawa wengi kuliko miti yote ya hapa hadi Kaliua.

Una hakika?
"Bibi yangu alikuwa na hakika. Mimi ni mpima ardhi."
Akakunja stakabadhi. "Na wewe? Malunde ni nini?"

Ndilo lililo juu ya mlango, rangi ya kijani, miaka kumi na tisa,
na hakuna mteja aliyewahi kuuliza.
Mawingu, nikamwambia. Kwa lugha ya nyumbani, mawingu.
"Ya lini?"

Nikampigia shangazi Nyanzala, spika wazi.
Akakohoa kwanza, kama anayefungua ghala.
Babu yako, akasema, alizaliwa mwaka ambao mawingu
yalikuja kila jioni, yakakaa juu ya mtama,
yakaondoka na mvua yao.
Karani wa kodi alipomuuliza jina na la baba yake,
aliyataja yote mawili. Foleni ilikuwa ndefu.
Karani akaandika alilolisikia.

Na la baba yake lilikuwa lipi?
Simu ikanyamaza. Salio lilikuwepo.

Wa kwake aliziona nyota.
Wa kwangu ni kile kilichozifunika.

Nilichonga usiku mbili. Mpingo hauna huruma na mkunjo,
uta ulikatika mara moja, nikaanza upya upande wa pili.
Nilipogonga karatasini, moyo ukanishuka:
nilisahau kugeuza. Miaka kumi na tisa ya mihuri,
lakini herufi nisiyoijua niliichonga kama inavyosomwa,
ikatoka karatasini kinyume,
uta umehamia mkono wa kulia.

Nitarudia, nikasema, bure.
Hakuiangalia karatasi. Aliushika muhuri wenyewe,
akaupangusa wino kwa kidole gumba,
akausoma juu ya mti.
"Hapa uko sawa. Mwanangu atasoma mti."
Akalipa. Akafungua leja, akagonga mara moja
juu ya lile Janga, akapuliza, akaenda zake.

Kipande kilichobaki hakizidi kifundo cha kidole.
Kiko kwenye droo ya chini, pamoja na funguo zisizo na kufuli.
Nimekipiga penseli: Malunde, safari hii kinyume,
na pembeni nafasi ya jina moja.
Sijui niiache na urefu gani.